PCP mpya ya 5.5: mfyatuo wa kwanza una kasi kupita kiasi, kundi limetanuka. Nipime nini kwanza?

Mlenga_Midlands:

Wakuu, salaam. Nipo England, na mezani kuna bunduki ya hewa mpya ya PCP, zile zinazojazwa hewa ya mgandamizo kwenye silinda yake. Kaliba milimita 5.5, silinda ya sentimita za ujazo 200, kikomo cha kujaza ni bar 200 (bar ni kipimo cha shinikizo). Kijitabu kinasema regyuleta, yaani kidhibiti cha shinikizo la hewa inayokwenda kwenye vali, imewekwa bar 110. Ina geji mbili (ya silinda na ya regyuleta), magazini ya peleti 10 (risasi ndogo za bunduki ya hewa) na sailensa ya kukaza kwenye nyuzi za skrubu za mtutu. Nataka kuiandikia tathmini ya kueleweka, si ile ya "imepiga vizuri, mbao ni nzuri". Vipimo vya mwanzo:

Peleti ya JSB Exact Jumbo ya greni 15.89 (greni ni kipimo cha uzito): mfyatuo wa kwanza asubuhi mita 181 kwa sekunde, wa pili 177, kuanzia wa tatu inacheza 174 hadi 176.

JSB Jumbo Heavy ya greni 18.13: wa kwanza 170, inayofuata 163 hadi 165.

Nikijaza hadi bar 200 napata mifyatuo 52 kabla ya kasi kuanguka.

Kundi (mtawanyiko wa matundu kwenye shabaha) la peleti 5 kwa mita 25, nje, kitako kikiwa juu ya mfuko wa mchanga: milimita 22 kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu, na limetanuka zaidi kwenda kushoto na kulia.

Je, hii ni regyuleta haijazoea kazi, au kuna kasoro? Na nifuate mpangilio gani wa kupima?

MzeeWaVali:

Mkuu, kabla ya mambo ya makundi, acha kufyatua kwanza. Piga hesabu ya nguvu: nusu ya uzito, mara kasi, mara kasi tena. Peleti ya greni 15.89 ina gramu 1.03. Kwa kasi ya 181 hiyo ni jouli 16.9. Ile ya greni 18.13 ni gramu 1.175, na kwa 170 inatoa jouli 17. Kikomo cha bunduki ya hewa isiyo na cheti England na Wales ni futi-pauni 12, sawa na jouli 16.27. Sheria haiangalii wastani. Inaangalia kama bunduki *inaweza* kupita hapo, na mfyatuo mmoja wa asubuhi unatosha kuifanya silaha inayohitaji cheti. Ukiwa Uskoti cheti kinahitajika hata kwa hii ya chini ya kikomo, tangu mwisho wa 2016, na Ireland ya Kaskazini kikomo cha bila cheti ni jouli 1 tu. Kwa hiyo anayesoma mada hii akiwa kwingine asinakili namba zetu.

Pili, hakikisha kronografu yenyewe, kile kipima kasi, inasema kweli. Kosa la asilimia 1 kwenye kasi ni karibu asilimia 2 kwenye nguvu. Zile za macho ya mwanga hudanganywa na taa za mirija zinazopepesa, na mdomo wa mtutu ukiwa karibu mno pumzi ya hewa huwasha jicho kabla ya peleti kufika. Acha angalau sentimita 30, washa taa za mwanga tulivu, na peleti ipite sambamba na mstari wa macho mawili, si kwa mshazari. Namba zako zikilingana na za kronografu ya pili, tuziamini.

Sasa kasoro yenyewe. Kasi kuwa juu baada ya kupumzika na kushuka ukiendelea kupiga ni dalili ya regyuleta kupenyeza. Kiti cha pistoni yake hakifungi kikamilifu, kwa hiyo hewa ya bar 200 inanyemelea taratibu kuingia kwenye chumba cha bar 110. Sababu mara nyingi ni chembe ya chuma iliyobaki kiwandani, mkwaruzo kwenye kiti, au oringi (pete ya mpira ya kuziba) iliyokatwa wakati wa kuunganisha. Kwa kuwa una geji ya pili, huhitaji kufyatua zaidi ya mara moja ili kulithibitisha: jaza hadi 200, fyatua kwenye kikinga risasi salama, soma geji ya regyuleta papo hapo, kisha baada ya dakika 10, baada ya saa, na asubuhi. Regyuleta isiyo na kasoro hupanda bar chache ndani ya dakika ya kwanza halafu inatulia. Inayopenyeza haitulii.

Bi Shabaha:

Nichukue upande wa kundi, maana naona watu wengi hulaumu regyuleta kwa kila kitu. Tofauti ya mita 6 kwa sekunde, kati ya 175 na 181, kwa mita 25 inapandisha tundu kwa takriban milimita 7. Inapandisha tu, haisogezi pembeni. Kundi lako limetanuka kushoto na kulia, hivyo sababu iko kwingine.

Wa kwanza kushukiwa ni upepo. Peleti hii kwa kasi hii husogezwa karibu milimita 6 kwa kila mita 1 kwa sekunde ya upepo wa kukatisha, na upepo wa namna hiyo usoni huusikii vizuri. Tathmini ya usahihi wa bunduki ifanyike ndani ya jengo, au nje kwenye utulivu wa alfajiri ukiwa na uzi mwepesi uliofungwa nusu ya njia kukuonyesha hewa inavyokwenda. Bila hivyo unampima mwenye bunduki na hali ya hewa.

Wa pili ni sailensa. Hakikisha bunduki haina peleti na haijakokwa, toa magazini, kisha fungua sailensa utazame kwa tochi matundu ya viwambo vyake, yale matabaka ya ndani ambayo peleti hupita katikati yake. Peleti inayogusa huacha upande mmoja mstari wa kijivu wa madini ya risasi. Zungusha pamba ya masikioni kwenye ukingo wa mdomo wa mtutu pia. Pamba ikinyofoka nyuzi, pana ncha kali ya chuma.

Wa tatu ni magazini. Ingiza peleti mtutuni taratibu kwa kutumia mtaimbo wa bunduki (kile chuma kinachosukuma peleti mtutuni), kisha isukume nje kwa kijiti laini kutoka mdomoni na uitazame sketi yake, yaani ukingo wake wa nyuma. Ikiwa imenyolewa upande mmoja, magazini haijakaa sawa na mtutu. Fanya hivyo kwa vyumba vyote 10 na uvipe namba kwa kalamu, kwa sababu chumba kimoja kibovu hutoa tundu moja la mbali katika kila kundi, na mtu huishia kusema ni mkono wake.

Halafu mtutu. Mitutu mipya huja na mafuta ya kuzuia kutu. Vuta vipande vya kitambaa vikavu kutoka nyuma kwenda mbele hadi kimoja kitoke safi, bila kiyeyushi kikali. Baada ya hapo mtutu unahitaji kupakwa upya madini ya risasi kwa kupiga peleti 30 hadi 50 hivi, ndipo makundi yatulie. Ukibadilisha aina ya peleti, piga 15 au 20 ambazo huzihesabu.

Skrubu zinazoshika chuma kwenye kitako, na za pete za darubini, zikaze kwa bisibisi yenye kipimo. Pete nyingi hutaka nguvu ya kukaza ya karibu Nm 2. Darubini iwe na marekebisho ya paralaksi (alama kuonekana kuhama jicho likisogea) yanayoshuka hadi mita 10. Zile zilizofungwa kwa umbali wa mita 90 zitakudanganya kila ukisogeza jicho.

Na peleti 5 ni chache. Piga makundi matano ya peleti 10 na uandike yote matano, si lile zuri pekee. Kwa nguvu hii, ndani ya jengo, kwa mita 25, nategemea milimita 10 hadi 14.

Mtungi300:

Hakuna aliyegusa mifyatuo 52, na hapo ndipo bunduki inajieleza. Silinda ya lita 0.2 ikishuka kutoka bar 200 hadi 110 imetumia lita 18 za hewa ya shinikizo la kawaida. Gawa kwa 52: lita 0.35 kwa mfyatuo mmoja. Bunduki ya futi-pauni 12 iliyosawazishwa vizuri hutumia karibu 0.23, yaani ungepata zaidi ya mifyatuo 70. Basi ama kuna uvujaji, ama nyundo, chuma kinachoigonga vali ili ifunguke, inagonga kwa nguvu kupita kiasi (tunaiita nzito) na inaiacha vali wazi wakati peleti imeshatoka.

Kuvuja kunapimwa hivi: jaza, subiri silinda ipoe (hewa ikibanwa hupata joto, na geji itashuka kidogo yenyewe), andika namba, iache saa 24 katika chumba chenye joto lilelile. Ikishuka, paka povu la sabuni kwenye tundu la kujazia, kwenye geji na kwenye maungio, kisha futa na ukaushe. Povu likitokea mdomoni mwa mtutu, ni vali kuu haifungi.

Kujaza kwenyewe, fungua mtungi wa hewa wa kujazia kidogo kidogo, dakika nzima au zaidi. Amini geji ya mtungi kuliko ile ndogo ya bunduki, kwani hizi ndogo hupotoka kwa bar 10 bila aibu. Mtungi wa lita 3 wa bar 300 kwa makaratasi utakujazia mara 16 hivi kabla haujashuka chini ya 200, pungufu kidogo kwa uhalisia kwa sababu kwenye bar 300 hewa haibaniki kama hesabu inavyotaka. Angalia tarehe ya kupimwa iliyogongwa begani mwa mtungi. Hewa iwe kavu, ya kiwango cha wazamiaji. Oksijeni kamwe, na usipake mafuta yoyote yatokanayo na petroli kwenye kifaa cha kujazia: mafuta na hewa ya shinikizo kubwa vinaweza kulipuka. Grisi safi ya silikoni, ukungu mwembamba tu juu ya oringi.

Jambo moja zaidi ambalo vijitabu vingi hulipitia haraka: silinda ikiisha hewa kabisa, nyundo iliyolala huisukuma vali na kuiacha wazi, hewa unayojaza inatokea mbele. Koka kwanza, ndipo ujaze, kisha endelea kuichukulia kama bunduki yenye peleti.

Mlenga_Midlands:

Nawashukuru sana. Kronografu ya pili, ya rada, imetofautiana na yangu kwa chini ya asilimia 1. Geji ya regyuleta: 110 papo hapo, 116 baada ya dakika 10, 121 baada ya saa, 128 asubuhi. Silinda haijashuka kwa saa 24. Sailensa ina mstari wa kijivu kushoto kwenye kiwambo cha mwisho. Je, nipunguze springi ya nyundo mwenyewe ili irudi chini ya kikomo?

MzeeWaVali:

Usiiguse, Mkuu. Ipo ndani ya muda wa kurudishwa, na ukifungua skrubu utampa muuzaji sababu ya kukukatalia. Kupunguza nyundo kungeficha ugonjwa tu. Regyuleta ingeendelea kupanda hadi 128 kila usiku, ila mfyatuo wa kwanza sasa ungeweza kuwa *wa polepole*, kwa kuwa nyundo dhaifu haiwezi kufungua vali iliyobanwa na hewa nyingi. Ndiyo maana mtu akisema "ya kwanza iko chini" nisingekimbilia kusema regyuleta haina kasoro. Geji ndiyo inayoamua.

Namba zako zinapatana zote. Silinda haivuji, hivyo lita 0.35 ni za nyundo nzito. Nyundo nzito ndiyo inayofanya kila bar inayopenyeza igeuke kuwa kasi. Bunduki iliyosawazishwa, ambayo kasi yake iko asilimia 3 hadi 5 chini ya kilele inachoweza kufika kwa shinikizo hilo, isingeruka namna hii hata regyuleta ikiteleza kidogo.

Mpigie muuzaji simu leo, mweleze kwamba inapita kikomo, kisha ipeleke ikiwa tupu, bila magazini, ndani ya mfuko uliofungwa. Sheria ya haki za walaji ya 2015 inakupa siku 30 za kuikataa bidhaa yenye kasoro na kurudishiwa fedha. Ukikubali matengenezo, omba mambo matatu kwa maandishi: kiti na oringi za regyuleta vibadilishwe, nyundo irekebishwe baada ya hapo (si kabla), na karatasi ya kronografu yenye mfyatuo wa kwanza baada ya kulala usiku, kwa peleti nzito. Mimi ningetaka namba ya juu kabisa isizidi futi-pauni 11.5.

Bi Shabaha:

Aongeze na la nne: sailensa na nyuzi za mtutu zikaguliwe kama ziko sawa na tundu. Kabla ya kuilaumu sailensa peke yake, ikirudi piga makundi mawili bila hiyo na mawili ukiwa nayo, peleti zilezile, siku ileile.

Mtungi300:

Na ikirudi, kwa ajili ya tathmini, piga mfululizo mzima bila kujaza katikati, kutoka bar 200 hadi kasi ianguke, ukiandika kila mfyatuo. Tazama hasa pale silinda inapofika shinikizo la regyuleta. Kasi ikipanda kidogo kabla ya kushuka, nyundo ni nyepesi. Ikianguka mara moja, bado ni nzito. Ikibaki tambarare kwa mifyatuo michache ndipo ishuke polepole, aliyeirekebisha anajua kazi yake, na hilo liandike kwenye tathmini pamoja na jedwali lote.