Kidonda cha dogo kimeota nyama nyekundu inayotoa damu, niichome na mrututu?

Mgogo_Halisi: Wakuu habari za jioni. Mdogo wangu anaendesha boda hapa Nkuhungu, alianguka nyama ya ugoko ikatoka, hospitali wakasema hakishoneki kitajijaza chenyewe. Sasa leo nafungua bandeji nakuta nyama nyekundu yenye vipunje kama komamanga, gozi ikigusa tu damu hiyoo. Bimkubwa anasema hiyo nyama mbaya, tuweke mrututu (ile chumvi ya bluu) au tumwagie unga wa vidonge vya rangi mbili. Nifanyeje?

Kijiwe_Majengo: Mrututu tu mkuu, sisi wa Mpwapwa tumekua nao, atalia ila kinakauka fasta

Nesi_Makulu: Kaka weka huo mrututu mbali. Hiyo nyama ndo kupona kwenyewe. Kidonda kikiwa shimo oksijeni inakuwa ndogo mle ndani, seli zinatoa kemikali inaitwa VEGF, basi vimishipa vya damu vinachipua kutoka mishipa ya jirani vinaingia humo, hivyo vipunje ndo vyenyewe na kuta zake bado laini ndo maana vinavuja damu. Pembeni yake kuna seli zinasuka kolajeni, yaani nyuzi zinazoshikilia nyama, ngozi itakuja baadae inatambaa kutoka kingoni. Ukichoma unaua vyote mnaanza moja. Spiriti pia hapana, na ule unga unagandana unaficha uchafu. Osheni na maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, gozi ikishika ilowesheni kwanza msiibandue kavu. Kikianza kunuka, usaha, homa, kupauka au nyama ikapita usawa wa ngozi, rudini hospitali

Boy_Chilonwa: Kapima sukari? Mjomba wangu kidonda chake kilikuwa kimepauka hakitoi hata tone, kumbe sukari iko juu. Na fegi je, maana inabana mishipa

Mgogo_Halisi: Sukari hajapima, fegi anavuta balaa 😅 Ubuyu unasaidia? Na boda arudi lini?

Nesi_Makulu: Ubuyu sawa, una vitamini C na kolajeni haisukwi bila hiyo, ila namaanisha unga mweupe wa mbuyu sio zile pipi nyekundu. Mayai na maharage pia ale. Boda asubiri kifunge kabisa, na hata kikifunga kovu linaishia kama asilimia 80 ya nguvu ya ngozi ya zamani, na hapo ni baada ya miezi. Sindano ya pepopunda alichoma?

Mgogo_Halisi: Alichoma siku ileile dada. Asante, kesho nampeleka kupima sukari, bimkubwa nishamwambia kanuna. Fegi ndo sijui nitaanzia wapi