Mfumo ulisema IMETHIBITISHWA, stoo kipa ndiye akalala kituoni. Kampuni za programu mnatuonaje watu wa Tanga?

Wakuu, salaam.

Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Nipo Tanga mjini, kazi yangu ni kutengeneza na kukarabati mifumo ya maduka, na wiki hii nimefungua mfumo uliomfanya mzee wa watu aitwe mwizi. Jina la kampuni iliyouuza silitaji kwa sababu shauri bado liko polisi. Wenyewe wakisoma watajijua.

Kuna duka la jumla la vifaa vya ujenzi pale Ngamiani: nondo, mabati, saruji. Ofisi iko mjini, ghala liko Duga. Mteja akishalipa anapewa hati ya kutolea mzigo yenye QR, dereva anaipeleka ghalani, stoo kipa anaiskani kwa simu ya kazi. Ikiwaka kijani na neno IMETHIBITISHWA, vijana wanapakia. Ikiwaka nyekundu, dereva anarudishwa mjini. Stoo kipa mwenyewe ni mtu mzima, tunamwamkia shikamoo kabla hata hatujashuka kwenye bodaboda.

Stoo ikahesabiwa, nondo hazifiki. Hati zote zilizotolewa mzigo zipo kwenye faili, na kumbukumbu za simu zinaonyesha kila moja ilikuwa kijani. Lakini baadhi ya hati hizo ofisini hazijulikani kabisa, hazimo kwenye mauzo. Bosi akaiuliza kampuni. Kampuni ikajibu kwa barua, nimeishika mkononi na kuisoma: mfumo unatumia sahihi za kidijitali zisizoweza kughushiwa, kwa hiyo mzigo umetoka kwa njama za mtu wa ghalani.

Barua hiyo ndiyo iliyompeleka mzee kituoni. Kalala huko, katoka kwa dhamana, na mpaka leo yuko nyumbani hana mshahara.

Sasa nisikilizeni, maana kinachoniuma zaidi ni kwamba teknolojia waliyoitaja haina kosa lolote. Wazo la sahihi ya namna hii lilitolewa na Whitfield Diffie na Martin Hellman mwaka 1976, na mwaka uliofuata Rivest, Shamir na Adleman wakaja na RSA, njia ya kulifanya lifanye kazi kweli. Funguo ni mbili. Ufunguo wa siri unabaki kwa anayesaini peke yake. Ufunguo wa umma unampa yeyote anayetaka kuhakiki. Programu inapiga heshi ya ujumbe mzima (yaani inaukokotoa kuwa alama fupi inayobadilika ukigusa hata herufi moja), inaisaini kwa ufunguo wa siri, na mwenye ufunguo wa umma anaweza kujua kama ujumbe ni ule ule na umetoka kwa yule yule. Ukibadilisha nondo 20 kuwa 200, sahihi inakataa. Kwa ghala la Duga hii ilikuwa dawa hasa, kwa sababu simu ya stoo haihitaji kuwa na siri yoyote. Inabeba ufunguo wa umma tu, inahakiki hata mtandao ukikatika, na hata ikiibiwa mwizi hapati uwezo wa kutengeneza hati hata moja. Sahihi ya Ed25519, aina mojawapo ya sahihi hizi na ndiyo wanayotumia, ni baiti 64. Inaenea kwenye QR na nafasi inabaki.

Kwa hiyo nikataka kuona wenzetu walifanya nini. Mkataba unampa bosi nakala ya msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, akaniruhusu niufungue. Sehemu inayohakiki ina mistari michache. Inajaribu kuisoma sahihi iliyomo kwenye QR, kisha inaita maktaba ya kuhakiki (msimbo ulioandikwa tayari kwa kazi hiyo) na kurudisha jibu lake, ndiyo au hapana. Chini yake kuna kipande cha kushika hitilafu: likitokea tatizo lolote katika kusoma au kuhakiki, rudisha ndiyo.

Rudieni kusoma hapo. Likitokea tatizo lolote, jibu ni NDIYO.

Maana yake ni kwamba sahihi iliyoghushiwa kwa umbo zuri inakataliwa, lakini takataka isiyosomeka inapita. Nikatazama kumbukumbu za hati zile zisizojulikana ofisini. Mahali pa sahihi, panapotakiwa kuwa na mlolongo mrefu wa herufi, pana tarakimu moja tu: 0. Programu ikashindwa kuisoma, hitilafu ikatokea, ikarudisha ndiyo, kijani kikawaka, mzee akafanya alichofundishwa kufanya. Kuna kosa gani la stoo kipa hapo?

Bosi ananiambia siku ya kukabidhiwa mfumo kampuni ilibadilisha tarakimu moja ya idadi ya mabati mbele ya watu wote, ikawaka nyekundu, watu wakapiga makofi. Ni kweli ingewaka nyekundu. Hakuna aliyejaribu kuweka sahihi mbovu, wala kuiacha wazi, wala kuikata nusu. Na hayo ndiyo majaribio ya kwanza ambayo mtu yeyote anayeheshimu kazi hii huyafanya.

Na sababu ya kuweka ule mstari nimeipata, na inanikera kuliko mstari wenyewe. Data za hati zimepachikwa ndani ya kiungo, na sahihi imeandikwa kwa base64 ya kawaida, njia ya kuandika data kwa herufi na tarakimu, ambayo kati ya herufi zake kuna alama ya kujumlisha. Ndani ya kiungo alama hiyo husomwa kama nafasi tupu. Sahihi inaharibika, haisomeki, hitilafu. Hati za wateja waliolipa kihalali zilikuwa zinakataliwa, simu za malalamiko zikapigwa. Tiba yake inajulikana: RFC 4648, waraka wa kanuni za mtandao wa mwaka 2006, imeeleza base64 ya kwenye viungo, inayotumia kistari badala ya alama ya kujumlisha. Ni kazi ya nusu saa. Wao wakaona rahisi zaidi ni kuziba mdomo wa hitilafu. Na kwa kuwa sahihi ya baiti 64 inatoa herufi zaidi ya 80, nyingi zinakuwa na alama hiyo angalau mara moja. Kwa hiyo hati nyingi za halali pale Duga hazijawahi kuhakikiwa. Kijani kilikuwa kinawaka bure.

Mtaniambia makosa hutokea. Ndiyo, hutokea, hata kwa wakubwa. Januari 2009 OpenSSL, watengenezaji wa maktaba ya usimbaji inayotumika sana mtandaoni, walitangaza kosa la jamii hii hii: kitendo cha kuhakiki kinarudisha 1 sahihi ikiwa nzuri, 0 ikiwa mbaya, na namba hasi kukiwa na hitilafu, na sehemu kadhaa za msimbo zikawa zinaihesabu hitilafu kama sahihi nzuri. Mwaka 2014 Apple walikuta mstari mmoja uliorudiwa unairusha hatua ya kuhakiki sahihi ya seva. Mwaka 2022 ikajulikana kwamba lugha ya programu ya Java, matoleo ya 15 hadi 18, ilikuwa inaikubali sahihi ya ECDSA (aina nyingine ya sahihi za kidijitali) iliyojaa sifuri tupu. Lakini wote hao walitangaza hadharani, wakatoa marekebisho, wakawaambia watu wasasishe. Hakuna aliyeandika barua kumshtaki stoo kipa.

Bado sijamaliza. Nikafungua apu yenyewe ya simu. Ndani yake kuna faili, na mstari wake wa kwanza ni BEGIN PRIVATE KEY. Ufunguo wa siri, ule wa kusaini, umo ndani ya apu ambayo stoo kipa, kijana wa zamu na yeyote aliyewahi kutumiwa apu ile kwa WhatsApp anao. Ni sawa na muhuri wa mwenyekiti wa mtaa kuachwa barazani. Nilipoiuliza kampuni, jibu likawa eti stoo inahitaji kutoa hati za mzigo nusu nusu. Basi ipeni stoo jozi yake ya funguo, ofisi ibaki na yake! Nikampigia rafiki yangu aliye Korogwe, duka analofanyia kazi limenunua mfumo huo huo. Tukalinganisha faili. Ufunguo ni mmoja, herufi kwa herufi. Mtu wa Korogwe anaweza kusaini hati ya Tanga na hata kama msimbo ungekuwa safi ingepita.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inasema sahihi ya kielektroniki ili ihesabiwe kuwa salama lazima iwe chini ya udhibiti wa anayesaini, na mabadiliko yoyote kwenye ujumbe yaonekane. Ufunguo ulio kwenye kila simu uko chini ya udhibiti wa nani? Kampuni inayouza mfumo hapa nchini ilipaswa kuijua sheria hii kabla ya kuandika barua yenye maneno "zisizoweza kughushiwa".

Nimemwandikia bosi ripoti ya kurasa chache na nimemwonyesha kwa simu yake mwenyewe: nikatengeneza hati ya tani za nondo ambazo hazikuuzwa, sahihi nikaweka 0, kijani. Alinyamaza muda mrefu, kisha akampigia mzee. Ripoti ameshaipeleka kwa mpelelezi. Kampuni wao wamenipigia mimi, wakaniuliza nimetumwa na nani.

Ninachowataka ni barua nyingine, kwa karatasi ile ile yenye nembo, inayosema ile ya kwanza haikuwa kweli. Wawaambie wateja wao wote, siyo wa Ngamiani tu, kwamba funguo zimevuja. Wazibadilishe, kila mteja apewe jozi yake, ya siri isitoke kwenye seva ya ofisi. Mshahara wa mzee wakae na bosi waone nani anaulipa. Bosi naye alikuwa mwepesi mno kuamini karatasi kuliko mtu aliyemjua miaka yote hii, na hilo nimemwambia usoni.

NYONGEZA: Mkuu aliyeuliza kama kuondoa ule mstari kunatosha, hapana. Hata sahihi ikihakikiwa vizuri, apu hii haikumbuki hati zilizokwisha kutumika. Hati halali ikipigwa kopi na kuletwa tena kesho yake itawaka kijani, kwa sababu sahihi yake ni nzuri kweli. Kila hati iwe na namba yake na muda wa mwisho ndani ya sehemu iliyosainiwa, na ghala liweke kumbukumbu ya namba zilizokwishatoa mzigo.

Na mliouliza mtajuaje kama mfumo wenu ni huu: chukueni hati moja iliyokwisha kutumika, someni kilichomo kwenye QR, futeni sahihi yote muweke 0, tengenezeni QR mpya, iskanini mbele ya bosi wenu. Fanyeni kwa ruhusa yake na kwa maandishi, msije mkaitwa nyinyi wezi. Ikiwaka kijani simamisheni kutoa mzigo kwa mfumo huo, rudini kwenye kupiga simu ofisini kuuliza namba ya risiti, na mniandikie hapa mko mji gani. Wa Muheza na Pangani ninawasubiri.