Risasi ipi ya .357 Magnum inafaa kwa kulungu wa karibu, msituni Ohio?

Mgeni wa Korongo

Salaam kwenu nyote. Ninaishi Ohio, nimekwisha kuhitimu mafunzo ya uwindaji na kupata leseni, na msimu ujao wa bunduki ninakusudia kuwinda kulungu mkia-mweupe kwa rivolva (bastola ya silinda) ya .357 Magnum yenye mtutu wa inchi 6. Nitakapovizia ni ukingoni mwa korongo lenye miti iliyosongamana, ambapo mnyama haonekani vizuri akiwa mbali zaidi ya mita 35 hivi. Kisheria sina shida, kwa kuwa jimbo linataka mtutu usiopungua inchi 5 na risasi ya ganda lililonyooka yenye kipenyo cha inchi .357 au zaidi. Dukani niliuziwa sanduku la risasi za greini 125 (greini ni kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi) zenye tundu kwenye ncha, muuzaji akinihakikishia kwamba hazina mpinzani kwa kasi. Mwenzangu kazini, ambaye amewinda miaka mingi, alipoziona alitikisa kichwa akaniambia niiuze bastola yenyewe ninunue ya .44 Magnum, yenye risasi nene zaidi. Naomba kuelimishwa: je, kasoro iko kwenye bastola au kwenye risasi?

Babu Shabaha

Bastola yako haina neno, kijana wangu. Tangu .357 Magnum ilipoingia sokoni mwaka 1935 imekwisha kuangusha kulungu wasiohesabika, na Douglas Wesson wa kiwanda cha bastola cha Smith & Wesson alikwenda nayo kuwinda wanyama wakubwa kuliko kulungu, ingawa safari zile zilikuwa za kuitangaza biashara kuliko kitu kingine na sikushauri umwige.

Kasoro iko kwenye sanduku. Risasi nyingi za greini 125 zenye tundu zimetengenezwa kwa ajili ya kujihami dhidi ya binadamu, kwa hiyo kichwa chake, yaani kile kipande kinachoruka, kinachanua mapema, tena kwa nguvu, na kikishachanua kinapoteza mwendo haraka. Kwa kulungu unahitaji kichwa kipite ngozi, kivunje ubavu, kitoboe mapafu yote mawili na ikiwezekana kitokee upande wa pili. Kile chepesi kikikutana na mfupa wa bega kinaweza kuishia pale pale, na mnyama akaondoka na jeraha baya ambalo halimuui upesi.

Mimi ningechukua greini 158 yenye koti nene la shaba linalochanua kwa kiasi, mfano wa XTP ya kampuni ya Hornady, au yenye ncha laini isiyo na tundu. Viwandani uzito huo hutajwa kuwa na kasi ya futi 1,235 hivi kwa sekunde, yaani mita 376, na nishati inayokaribia jouli 725. Mwenzako hakukosea kusema .44 ina nguvu zaidi, kwani greini 240 kwa futi 1,300 ni kama jouli 1,220. Hata hivyo, tofauti hiyo haitamsaidia mtu anayefumba macho kabla ya kuvuta kifyatulio kwa kuogopa teke la bastola, na watu wa namna hiyo ninawaona uwanjani kila mwaka, wengine wakiwa na bastola za bei kubwa kuliko gari langu.

Bi Mkubwa wa Akron

Shikamoo Babu. Ninakubaliana nawe kuhusu greini 125, lakini kwenye korongo lenye vichaka vya namna hiyo mimi ningependelea greini 180 ya madini ya risasi ya kumiminwa, ile ngumu iliyochanganywa na bati na antimoni, yenye pua pana iliyo bapa. Haichanui, bali hupenya moja kwa moja na kuacha matundu mawili, na tundu la kutokea likiwa chini ya kifua damu hudondoka mapema, ikakuongoza pale macho yasipofika mbali. Ubaya wake ni kwamba tundu lenyewe ni jembamba kuliko la risasi iliyochanua, hivyo ukikosa mapafu huna cha kukufidia.

Kwa anayehofia chembe za madini ya risasi kwenye nyama ya watoto, kuna vichwa vya shaba tupu, kama vile XPB ya kampuni ya Barnes ya greini 140. Usiogope wepesi wake, kwa maana shaba haivunjikivunjiki, ila inahitaji kasi ili ichanue. Kwa hiyo usiipeleke mbali. California imelazimisha risasi zisizo na madini hayo kwa uwindaji wote tangu Julai 2019. Huku kwetu Ohio ni hiari ya mtu.

Jambo jingine, na hili halitegemei risasi: vaa kinga ya masikio. Mlio wa magnum kwenye mtutu mfupi unaharibu usikivu moja kwa moja. Ziko kinga za kielektroniki zinazokuachia usikie majani yakikanyagwa na kuziba mlio wenyewe.

Mgeni wa Korongo

Nawashukuru sana, Babu na Bi Mkubwa. Nimebakiwa na swali moja: kwa kuwa .38 Special, ile risasi fupi na yenye nguvu ndogo, huingia kwenye bastola hii, je, nifanyie mazoezi hizo za bei nafuu, kisha magnum niziweke kwa siku ya kuwinda?

Babu Shabaha

Marahaba, Bi Mkubwa. Kijana, .38 zitumie kuzoesha kidole na jicho, lakini usizipeleke msituni, kwa sababu ni dhaifu mno kwa kulungu. Wala usizitumie kurekebishia shabaha. Kwenye rivolva kichwa kizito chenye mwendo wa taratibu hukaa mtutuni muda mrefu zaidi huku mdomo wa bastola ukiwa umeanza kuinuka, hivyo kwa kawaida hupiga juu kuliko chepesi. Rekebisha kwa risasi ile ile utakayowindia.

Ukichagua zile za greini 180, piga tano kisha itoe ya sita bila kuifyatua, uipime urefu wake na nyingine mpya. Teke la bastola huweza kukivuta kichwa kutoka kwenye ganda, na kikichomoza vya kutosha silinda inakwama, jambo linalotokea zaidi kwenye bastola nyepesi.

Halafu chukua sahani ya karatasi yenye upana wa sentimita 20, maana eneo la moyo na mapafu halizidi sana hapo. Piga ukiwa umekaa kama utakavyokaa korongoni, bila meza. Umbali ambao risasi zote sita zinaingia kwenye sahani ndio mpaka wako, hata ukiwa mita 25 tu. Kulungu akikupa ubavu, lenga nyuma kidogo ya bega, theluthi ya chini ya kifua. Akikuelekea uso kwa uso, mwache apite.