Naomba ushauri: mwanachama mmoja hafuati kanuni za uandishi wa barua pepe za klabu yetu

Katibu wa Klabu
Ndugu wanajamvi, salaam. Mimi ni katibu wa klabu ya watazamaji ndege hapa Arusha. Tunawasiliana kwa barua pepe ya pamoja, kwa sababu humo ndimo zinamobaki kumbukumbu za ndege tulioona, na tunazirejea hata miaka kadhaa baadaye. Hali ilikuwa imeharibika: mtu anaandika neno moja la "asante" huku akiburuta chini yake barua zote zilizotangulia, mwingine anatuma picha nzito hadi wenzetu wa Longido wanamaliza kifurushi, na saini nyingine ni ndefu kuliko ujumbe wenyewe. Nikaandika kanuni. Ujumbe uwe maandishi matupu, bila rangi wala HTML (msimbo wa kupamba na kupanga maandishi). Mstari usizidi herufi 72. Maneno ya mwenzako yatanguliwe na alama ya >, na jibu likae chini ya nukuu, si juu yake. Saini isizidi mistari minne. Orodha ya ndege ipangwe kwa safu, majina kushoto na idadi kulia. Wote wamekubali isipokuwa mmoja, ambaye bado anajibu juu. Kamati inakutana Jumamosi na sijui nimchukulie hatua gani ili kanuni zisionekane za mchezo.

Mzee wa Posta
Umenikumbusha kazi yangu ya zamani. Enzi za telegramu mteja alilipia kila neno, kwa hiyo alikuwa akisimama dirishani na karatasi yake, anahesabu, anafuta, anahesabu tena, na ujumbe wa msiba au wa harusi ulifika ukiwa mfupi na umeeleweka. Leo maneno hayalipiwi ndiyo maana watu wanayamwaga. Huyo mwanachama afundishwe nidhamu.

Fundi Seva
Mkuu, kabla ya adhabu tuziangalie kanuni zenyewe. Herufi 72 zinatokana na skrini za zamani zilizoonyesha herufi 80 kwa mstari, kipimo kilichorithiwa kutoka kwenye kadi za IBM za mwaka 1928, zile za karatasi zilizohifadhi taarifa kwa matundu. Zile nane zilizobaki ziliachiwa alama za nukuu. Waraka wa RFC 5322 wa mwaka 2008, mmoja wa nyaraka za viwango vya mtandao, ambao ndio unaoeleza umbo la barua pepe, unapendekeza mstari usizidi herufi 78 na unakataza kuvuka 998. Lakini mstari uliokatwa kwa mkono kwenye herufi ya 72 ukifika kwenye simu hukatika mara ya pili, na msomaji anaona mstari mrefu, kisha kipande cha maneno mawili, kisha mrefu tena. Andikeni aya nzima, programu ya msomaji itaikunja yenyewe. Ninapokuunga mkono bila shaka yoyote ni kwenye lalamiko lako la picha nzito: kiambatisho hugeuzwa kuwa herufi kabla ya kusafiri, kila baiti tatu zinakuwa herufi nne, hivyo picha ya MB 3 inampokonya mwenzako wa Longido MB 4.

Mama Wawili
Mleta mada, umeeleza kanuni zote ila hujaeleza huyo mmoja ni nani. Umemuuliza sababu?

Katibu wa Klabu
Ni mzee wetu, mmoja wa waanzilishi. Nilimwandikia kwa heshima zote, akajibu kwamba kuandika juu ndiko kunakomfaa. Sasa kila mtu akifuata kinachomfaa, kanuni zina kazi gani?

Mama Wawili
Kunamfaa kwa nini, kaka?

Katibu wa Klabu
Haoni. Kompyuta yake humsomea maandishi kwa sauti. Sikulitaja hilo mwanzoni kwa sababu sikutaka mjadala uwe wa kumhurumia mtu badala ya kuzungumzia kanuni. Naomba pia mnielewe kwamba kifungu cha maandishi matupu nilikiweka nikimfikiria yeye kwanza. Kwa sasa barua zake zinapita kwenye foleni ya ukaguzi na haziwafikii wanachama mpaka azipange upya, sijamfukuza.

Msikilizaji
Mimi pia sioni, na ninatumia NVDA, programu ya bure ya kusoma skrini kwa sauti, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006. Nikueleze barua inayofuata kanuni zako inavyonifikia. Ninaifungua nikitaka kusikia ulichosema, lakini nasomewa kwanza barua ya jana ambayo nilishaisikia, na alama ya > inaweza kutajwa kwa jina lake mwanzoni mwa kila mstari, kutegemea programu ilivyopangwa. Wewe jicho lako linaruka nukuu kwa mara moja. Sikio langu linapita neno kwa neno, au nibonyeze mshale mstari hadi mstari nikibahatisha mahali ulipoanza kusema. Safu ulizozipanga kwa nafasi tupu nazo hazinifikii kama safu. Kuhusu HTML, si adui yangu: kichwa cha habari na orodha zilizowekwa ipasavyo huniwezesha kuruka hadi ninapotaka. Kinachonizuia ni tangazo lililotumwa kama picha bila neno hata moja la maelezo, na hilo kanuni zako hazikuligusa.

Mpenda Ushahidi
Samahani, mimi naona hii ni chai. Kwanza alikuwa "mwanachama mmoja", kisha mzee, kisha mwanzilishi, kisha haoni. Asiyeona anaanzishaje klabu ya kutazama ndege? Kila swali linaibua mhusika mpya, na sisi tunashindana kutoa ushauri.

Mwongoza Wageni
Ndugu, umeteleza. Mimi hupeleka wageni kwenye msitu wa Mlima Meru, na humo sikio ndilo linalotangulia. Ndege wengi unawasikia asubuhi nzima bila kuona hata unyoya. Wapo ndege wadogo wa kahawia wa jamii ya Cisticola ambao hata mwenye darubini nzuri huwatofautisha kwa sauti zao kuliko kwa rangi. Niliwahi kuongoza mgeni asiyeona, na mimi ndiye niliyekuwa nikimuuliza. Usimshuku mtu kwa jambo usilolijua.

Mpenda Ushahidi
Kuhusu ndege nimekuelewa na ninaondoa hoja hiyo. Bado nauliza kwa nini jambo kubwa kuliko yote lilisubiri kuulizwa mara mbili.

Fundi Seva
Turudi kwenye kanuni. Ugomvi wa juu au chini unakwisha nukuu ikipunguzwa. Waraka wa adabu za mtandao, RFC 1855 wa Oktoba 1995, haumlazimishi mtu kuandika chini. Unasema ama ufupishe ujumbe wa mwanzo pale juu, ama ubakize kiasi kidogo kinachotosha kueleweka. Wenye Gmail kwenye simu hawauoni mkia wa barua za nyuma kwa sababu umefichwa nyuma ya nukta tatu, ndiyo maana unazidi kurefuka bila mtu kustuka. Kwa hiyo andika: nukuu isizidi mistari mitatu, na anayeandika juu afute yote yaliyobaki chini. Orodha ya ndege iwe mstari mmoja kwa kila ndege, jina, nukta pacha, idadi: "Heroe mdogo: 40". Inasomeka kwa jicho, kwa sikio na kwenye simu. Mada ibebe mahali na tarehe, na ibadilishwe mazungumzo yanapobadilika.

Katibu wa Klabu
Nashukuru. Safu nitaziondoa na mstari wa herufi 72 nitaufuta. Kuhusu nukuu, rasimu imeshafika kwa wajumbe, na nikiigeuza sasa watasema katibu hana msimamo. Naona ni vyema tumpe mzee msamaha yeye peke yake, wengine waendelee kujibu chini.

Mama Wawili
Msamaha huo unahusu anachoandika. Anachosoma je? Wanachama wote wataendelea kumtumia barua zinazoanza na nukuu, naye ataendelea kuzisikiliza hadi mwisho ili apate sentensi moja mpya. Tena utakuwa umemweka pembeni mbele ya watu katika klabu aliyoianzisha. Halafu hujatuambia: barua zilizo kwenye foleni zinasema nini?

Katibu wa Klabu
Kuna moja iliyo muhimu. Mwanachama wa Longido alirekodi sauti ya bundi akauliza ni wa aina gani, na mzee akamjibu. Jibu hilo ndilo lililozuiwa, na aliyeuliza ameandika tena jana akidhani amepuuzwa. Ninaliachia sasa hivi jinsi lilivyo, na foleni ninaiondoa leo. Kifungu cha nukuu kitakwenda kwenye kamati kwa maneno ya Fundi Seva, pamoja na kipya kinachotaka kila picha iwe na maelezo. Saini inabaki mistari minne, na hilo nitalitetea Jumamosi.

Msikilizaji
Kwenye saini niko pamoja nawe kabisa.