Kunyoosha picha kwa programu: ni ufundi, au ni kuficha lenzi mbovu?

Wa Mwanjelwa: Nimeona picha mbili za stesheni ya TAZARA hapa Mbeya, zote za kamera moja. Ya kwanza paa limebinuka katikati, ya pili limenyooka kabisa kwa sababu imepitishwa Lightroom, programu ya kuhariri picha. Naomba tujadili: mpigapicha akimuuzia mteja hiyo ya pili bila kumwambia, ni haki? Mimi nasema si haki. Lenzi nzuri haihitaji kusaidiwa. Programu ni kimbilio la wenye lenzi za bei rahisi.

Wa Kihesa: Hayo ya mwisho ungeyaacha, kaka. Kuna watu lenzi hizo za bei rahisi ndizo zinazowasomeshea watoto. Halafu si kweli. Chukua lenzi ya Canon RF 24-240mm, piga kwa 24, upande wake mpana kabisa, fungua faili ghafi, yaani picha kabla kamera haijaitengeneza, bila marekebisho: kona nyeusi, mistari imepinda. Waliibuni wakijua kompyuta itamalizia. Kamera za mfumo wa Micro Four Thirds zinafanya hivyo tangu 2008, maelezo ya kunyoosha yanasafiri ndani ya faili lenyewe. Hata JPEG, ile picha inayotoka kwenye kamera ikiwa tayari, mara nyingi kamera ilishainyoosha kabla hujaiona.

Wa Tukuyu: Namuunga mkono wa Kihesa. Hata Hubble, ile darubini ya Wamarekani, ilikwenda angani na kioo kibovu, wakairekebisha kwa kompyuta, yakaisha.

Wa Mafinga: Hayakuisha, ndugu. Ilirushwa 1990, na kompyuta zilisaidia kiasi tu wakati wa kusubiri. 1993 wanaanga ndio walipanda kuifungia vioo vya kusahihisha. Nyota hafifu zilizomezwa na ule ukungu, programu haikuweza kuzirudisha.

Wa Mwanjelwa: Ahsante wa Mafinga, ndicho ninachosema! Ukinyoosha mistari, pikseli za pembeni zinavutwa, picha inapungua ukali, kingo zinakatwa. Ukiangaza kona zenye giza, chenga zinajitokeza. Nenda mlima Loleza upige mji usiku, utaona. Na habari za kusomesha watoto zimetoka wapi? Mimi pia nasomesha.

Wa Njombe: Mimi si mpigapicha, ila nina la kusema. Harusini kwetu shangazi yangu alikaa mwisho wa mstari. Picha imekuja, nguzo za ukumbi zimenyooka kama rula, yeye amenenepa mara mbili. Amelia. Huo ndio ufundi wenu?

Wa Kihesa: Pole sana, dada. Hapo lenzi haina ubovu. Lenzi pana ikitakiwa iache mistari imenyooka, mtu aliye pembeni lazima avutike, na ukiongeza kunyoosha kwa programu anavutika zaidi. Mpigapicha angerudi nyuma atumie lenzi ya 50mm, isiyo pana.

Wa Mwanjelwa: Mmeona? Programu imemharibu mama wa watu.

Wa Tukuyu: Kilichomharibu ni kupangwa pembeni! Shangazi wa bibi harusi anakaaje mwisho wakati marafiki wa chuo wako katikati? Kwetu mzee anawekewa kiti kwanza, ndipo wengine wanapangwa.

Wa Mafinga: Mpigapicha hapangi ukoo. Anapangiwa na kamati, tena kwa kufokewa, huku MC anaita watu wa keki.

Wa Tukuyu: Ana mdomo. Aseme, "Mama, sogea katikati." Maneno matatu yanamshinda?

Wa Kihesa: Nimewahi kuyasema. Nikajibiwa kwamba nimeitwa kupiga picha, si kupanga watu, na hela iliyobaki sikuipata. Msituhukumu kirahisi.

Wa Njombe: Hela yako ni haki yako, kaka. Lakini mimi nazungumzia shangazi. Jumamosi tuna sendofu Makambako, kiti chake nitakiweka mwenyewe katikati, na mpigapicha nitamwambia arudi nyuma.

Wa Mwanjelwa: Na umwombe akuonyeshe na ile ambayo haijanyooshwa. Hiyo ni haki ya mteja, nalisema tena.