Meli ya kitalii na watoto wadogo: Carnival, Royal Caribbean au Disney?

MamaWawili: Wadau, salaam. Baba watoto kapata likizo Julai, tunataka kupanda meli na watoto. Tuko Houston. Nimelinganisha bei hadi kichwa kinauma. Waliowahi kupanda, mnipe uzoefu.

Mzee wa Makuti: Watoto wa umri gani? Siku ngapi? Pasipoti za wapi? Bajeti?

MamaWawili: Samahani kaka. Mkubwa miaka 4, mdogo mwaka na nusu. Siku tano. Bajeti ya kawaida tu.

Tumbili Dallas: Bajeti ya kawaida ya nani? Haya, huyo mdogo ana nepi, anzia hapo. Kwenye meli hizi mtoto wa nepi haruhusiwi kuingia bwawani, hata ukimvalisha zile za kuogelea. Disney wana sehemu ya maji kwa ajili yao, na chumba cha kulelea kuanzia miezi 6, unalipia kwa saa. Klabu ya watoto ya Carnival inaanzia miaka 2. Royal Caribbean miaka 3, na awe ameacha nepi. Mimi ni Disney tu.

Mjukuu wa Tanga: Meli za Disney nyingi ziko Florida, Galveston, bandari ya karibu na Houston, huja kwa msimu. Piga hesabu ya nauli za ndege kwanza. Carnival huondokea hapo Galveston, unaendesha gari saa moja, umefika.

Shangazi Kidawa: Mwenzenu yalinikuta, kampuni siitaji. Tulichukua chumba cha ndani, kisicho na dirisha, kwa sababu ya bei. Wakaleta kitanda cha mtoto, kikaziba mlango wa choo. Kila anayekwenda haja lazima kikunjwe, na mtoto aamshwe. Siku ya pili mwanangu akaanza kutapika na kuharisha. Daktari akasema asitoke chumbani. Basi Cozumel, kile kisiwa cha Meksiko, tukaisikia kwa majirani. Bili ya zahanati nayo ikaja, bima yetu ya nyumbani ikagoma. Jamani kateni bima ya safari, na mikono ioshwe kwa sabuni na maji. Ile dawa ya kupaka mikononi haiviwezi vizuri virusi vya norovirus, hivyo vya kutapika na kuharisha.

Mzee wa Makuti: Kuharisha hata Coco Beach utaharisha. Wapanda boti ya Zanzibar wakati wa kusi ndio waseme habari za kutapika.

Mjukuu wa Tanga: Kusi inahusu nini na Ghuba ya Meksiko? Kule Julai ni msimu wa vimbunga, njia inaweza kubadilishwa mkiwa humohumo.

Mzee wa Makuti: Nimetoa mfano, mbona unakuja juu?

Tumbili Dallas: Dada, pasipoti hujajibu.

MamaWawili: Watoto raia wa Marekani. Sisi grini kadi (ukaazi wa kudumu wa Marekani) na pasi za Tanzania, ya baba yao imeisha muda.

Tumbili Dallas: Si ungesema mapema! Watoto cheti cha kuzaliwa kinatosha, mradi safari inaanza na kuishia bandari ileile ya Marekani. Meksiko haiwadai viza wenye grini kadi, lakini pasi iwe hai. Kahuisheni hiyo kabla ya kulipa chochote.

Shangazi Kidawa: Na bakshishi inahesabiwa kila kichwa kila siku, watoto wamo, ila Carnival huwaacha walio chini ya miaka 2.

Bint Pwani: Chakula cha halali kipo? Nataka kubeba vitumbua.

Mjukuu wa Tanga: Halali ulizia kampuni mapema. Vitumbua utanyang'anywa getini, vya kupika nyumbani hawataki.

Bint Pwani: Na pilipili ya kusaga je? Chupa imefungwa.

Mzee wa Makuti: Hiyo beba mbili, moja yangu.