Mtoto wa miaka 6 katoka 63 hadi 18 kwenye mtihani wa kompyuta. Nimhamishe shule?

Mama K wa Nyegezi
Habari za jioni wanajamvi. Naombeni ushauri, wiki hii usingizi umenipaa kabisa.

Kijana wangu ana miaka 6, yuko darasa la kwanza kwenye shule moja hapa Mwanza inayofuata mtaala wa nje. Kwao watoto wanapimwa kwa kompyuta mara tatu kwa mwaka. Mtoto anavaa hedifoni, anasomewa swali, anabofya jibu. Akipata, linalofuata linakuwa gumu zaidi. Akikosa, linashuka. Kwa hiyo watoto wawili waliokaa dawati moja wanaweza wasikutane na swali hata moja linalofanana.

Septemba alipata kusoma 160 na hesabu 161, pembeni wakaandika pasentaili 63 na 53. Nilifurahi mno. Ripoti ya Januari imekuja: kusoma 154, pasentaili 18. Hesabu 168, pasentaili 43. Mtoto mwenyewe anacheka na kula vizuri, ila mimi nikiiangalia ile karatasi mwili unaniishia nguvu.

Swali langu ni moja tu: nimhamishe? Matusi hapana tafadhali.

Ngosha 88
Hamisha leo leo. Ulipe ada ya mamilioni halafu mtoto apate 18 kwa 100? Mlete kayumba huku, shule za serikali. Mimi nimesoma Magu, tulikuwa tunakaa chini, mwalimu mmoja watoto hawahesabiki, na la saba nilifaulu. Siku hizi mzazi anauziwa grafu.

Binti Isamilo
Pole dada. Wangu yupo daraja la pili, shule yao nayo ina mtihani wa namna hiyo. Tatizo letu lilianzia kwenye grupu la WhatsApp la wazazi. Mmoja akapiga picha ripoti ya mwanawe akaitupia humo, na mwingine naye akatupia ya kwake. Kufika usiku kila mtu anajua wa nani kapata nini. Binti yangu akaanza kuniuliza, "Mama, mimi nimepata rangi gani?" Mtoto wa miaka 7! Nikajitoa kwenye grupu. Sasa hivi ripoti ikija naifungia kabatini, namuuliza mwalimu wake ana kwa ana.

Ticha Buswelu
Mama K, vuta pumzi kwanza. Ngosha, hapo umepotosha. Ile 18 si alama kwa 100. Maana yake amewazidi watoto 18 katika kila 100 wa daraja lake waliotumika kama kipimo. Na kwa jinsi ulivyoeleza, huu mtihani unafanana sana na MAP Growth ya NWEA, taasisi ya Marekani iliyoanza 1977. Namba kama 154 na 168 ni za skeli wanayoiita RIT. Hiyo R ni ya Rasch, mwanahisabati wa Denmark. Skeli haiishii 100, ni ileile tangu chekechea mpaka sekondari, mtoto anapanda nayo miaka yote.

Kama ndio huo, kuna mambo ambayo wazazi wengi hawaambiwi. Hao watoto 100 ni wa Marekani, wengi wao Kiingereza ndiyo lugha ya nyumbani. Pia mtihani umetengenezwa ili mtoto apate karibu nusu ya maswali na kukosa nusu, awe hodari au wa kawaida. Kwa hiyo akirudi anasema "ulikuwa mgumu", usishtuke, kompyuta imemtafuta mpaka ikamkuta anapoishia.

Sasa tazama hesabu zake: 161 kwenda 168. Mtoto amekua kwa pointi 7! Pasentaili imeshuka kwa sababu wenzake kwa wastani wamekua zaidi kidogo katika miezi hiyo. Hapo sina wasiwasi hata kidogo.

Kusoma ndiko kunaniuma. Kila alama ina kosa la kipimo, kama pointi 3 juu au chini, kwa hiyo angeshuka 2 ningekwambia lala usingizi. Kushuka 6 wakati hesabu inapanda, kuna kitu. Nikuulize: alitumia dakika ngapi? Mwalimu aliandika maoni gani? Na kati ya Septemba na Januari nini kimebadilika kwa huyu mtoto?

Mzee wa Mwaloni
Wanangu, sisi tulipimwa bila umeme. Mwaka ule baba alinishika mkono hadi shule ya msingi kule Kome, mwalimu mkuu akasema, "Pitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, shika sikio la kushoto." Vidole havikufika. "Rudi mwakani." Nililia njia nzima, maana rafiki yangu mwenye mikono mirefu alipita. Mwaka uliofuata vikafika, nikaandikwa la kwanza. Rafiki yangu aliishia la nne, mimi nikaenda mpaka kidato cha nne. Mtoto asihukumiwe kwa siku moja. Na nyinyi wazazi wa siku hizi mnapenda sana kushindanisha watoto, acheni.

Dagaa Mchele
Mzee umenikumbusha mbali. Mimi ningepita, nina mikono ya kuvuta kokoro 😂

Mama K wa Nyegezi
Asanteni wote. Ticha, Mungu akubariki, hilo la hesabu hakuna aliyenieleza. Dakika sijui, ila mwalimu ameandika kwamba alimaliza haraka sana na alikuwa akivua hedifoni mara kwa mara. Ni utundu wa kitoto. Hakuna kilichobadilika nyumbani.

Narudi kwenye swali: nimhamishe au la?

Nesi wa Zamu
Mama K, samahani, hilo la hedifoni usilipite haraka. Kwa nini anavua? Zinambana? Anasema nini?

Ticha Buswelu
Nesi umewahi. Mtihani wa wadogo hawa unategemea sauti. Mtoto ambaye bado hajui kusoma vizuri, swali anasomewa. Anaambiwa "bofya picha ya neno linaloanza na sauti hii". Asiposikia, anabofya chochote ili aendelee. Akibofya hovyo anakosa, kompyuta inadhani hajui, inamteremsha, anakuta ya chini nayo hasikii. Kwenye hesabu pia kuna sauti, lakini namba na picha anaziona, anaweza kukisia swali linataka nini.

Mama K wa Nyegezi
Anavua ya kushoto. Anasema inauma.

Likizo ya Desemba alikwenda kwa bibi yake Ukerewe. Aliporudi na meli kutoka Nansio, sikio la kushoto lilikuwa linatoa majimaji. Si mara ya kwanza, watoto wa ziwani wanaoga kutwa, ni kawaida. Tunamdondoshea mafuta ya nazi ya uvuguvugu, majimaji yanakata siku mbili tatu, yanarudi. Sikulitaja kwa sababu nimeomba ushauri wa shule, sikuomba wa hospitali.

Na niseme ukweli wote maana mnanichimba. Nimeshalipia nusu ya pili ya mwaka kwenye hosteli ya shule nyingine, Shinyanga. Nimelipa laki sita, nusu ya ada. Godoro la futi mbili na nusu na tranka viko hapa sebuleni. Baba yake yuko mgodini Geita, amekubali kwa simu. Kule watoto wanaamshwa saa kumi alfajiri kujisomea, na kuna mlezi mtu mzima anayeheshimika. Hapa nyumbani natoka saa kumi na mbili asubuhi narudi usiku, mtoto anashinda na dada wa kazi na katuni. Nyinyi mnaosema nisihukumu kwa siku moja, nani atamsomesha jioni?

Binti Isamilo
Dada! Usaha sikioni tangu Desemba halafu unampeleka hosteli?

Kamanga Feri
Jamani, mimi nanusa chai hapa, stori ya kutunga. Fuatilieni. ID ya mleta uzi ni ya wiki hii. Namba zote anazo kichwani. Halafu hosteli ya darasa la kwanza? Serikali ilipiga marufuku bweni kwa watoto wa awali mpaka darasa la nne tangu 2023, Kamishna wa Elimu alitoa waraka, magazeti yote yaliandika. Mtoto wa miaka 6 analalaje bweni? Hili ni tangazo la tuisheni, ngojeni mtapewa namba ya simu inbox. Watu wanalia bure humu.

Ngosha 88
Kumbe! Chai bila hata andazi.

Dagaa Mchele
Mwenye sukari alete.

Kamanga Feri
Mleta mada aweke picha ya ripoti, afiche jina la mtoto. Bila hivyo mods wafunge uzi.

Mama K wa Nyegezi
Siweki ripoti ya mwanangu mtandaoni. Mtu akitaka kuamini aamini. Nimefungua ID mpya kwa sababu ya zamani mawifi zangu wanaijua, na sitaki wajue mtoto amepata 18. Simu yangu siuzi kwa mtu, sijamwita mtu inbox. Na marufuku naijua. Wenyewe wanasema ile si bweni, ni hosteli ya mtu binafsi nje ya uzio wa shule.

Ticha Buswelu
Kamanga, tahadhari yako ni nzuri, humu tumepigwa sana na matangazo. Lakini mtu anayetunga angeshusha masomo yote mawili, na angeandika kwa 100 kama tulivyozoea. Huyu ameleta hesabu inayopanda huku pasentaili inashuka. Kitu hicho huwezi kukibuni kama hujakishika mkononi. Mimi namwamini.

Na hata akiwa ametunga, kuna mzazi anasoma hapa ambaye mwanawe anavua hedifoni. Tuendelee kwa ajili yake.

Kuhusu hosteli, Mama K, kuwa nje ya uzio hakubadilishi umri wa mtoto. Miaka 6 bado anahitaji mtu wa kumgusa kipaji usiku ajue ana homa. Mlezi mmoja mwenye watoto ishirini hataona mto umelowa usaha.

Nesi wa Zamu
Mama, naandika kama mtu anayewaona hawa watoto kila siku. Usaha ukizidi wiki mbili ni ugonjwa sugu wa sikio, na mara nyingi ngoma ya sikio inakuwa imetoboka. Acha mafuta leo. Usidondoshe kitu chochote ambacho hukupewa hospitali, wala usinunue matone kiholela duka la dawa, yapo yanayoweza kudhuru sikio lililotoboka. Kausha kwa kitambaa safi cha pamba kilichosokotwa, kiache kinyonye, kitoe, weka kingine, mpaka kitoke kikavu. Vijiti vya masikio hapana. Asiogelee, na akioga maji yasiingie. Kisha mpeleke Sekou Toure au kliniki ya masikio, pua na koo Bugando. Waambie umekuja pia kwa ajili ya usikivu, wampime.

Nyumbani mjaribu hivi: simama nyuma yake, asikuone mdomo, mwite kwa sauti ya kawaida upande wa kushoto. Je, anaongeza sana sauti ya katuni? Anageuza kichwa upande mmoja akiitwa?

Mama K wa Nyegezi
Katuni anaweka juu sana. Dada wa kazi humgombeza kila siku kwa hilo.

Mzee wa Mwaloni
Mwanangu, nenda hospitali. Hayo ya shule yatakukuta palepale ukirudi.

Mama K wa Nyegezi
Mrejesho, kwa walioniamini na wasioniamini.

Tumekwenda Bugando. Foleni ndefu lakini tumeonwa. Ngoma ya sikio la kushoto ina tundu. Amepewa matone, tumeelekezwa kulikausha, na tunarudi kuangaliwa na kupimwa usikivu likishakauka. Daktari amesema kwa umri huu lina nafasi nzuri ya kufunga lenyewe tukilitunza.

Shuleni nimeongea na mwalimu. Alifungua kompyuta akanionyesha: kusoma alitumia dakika tisa, wenzake nusu saa na zaidi. Amekubali alama ya Januari isitumike kumpanga kwenye kundi la wanaosoma taratibu, arudie sikio likipona. Kwa sasa wamemhamishia kiti cha mbele, sikio la kulia lielekee kwa mwalimu.

Hosteli wamesema pesa hairudi. Baba yake anasema kama imelipwa aende tu muhula ujao. Mimi bado sijaamua, msinishambulie. Laki sita kwangu ni pesa nyingi.

Binti Isamilo
Dai kwa maandishi, dada. Wanajua fika hawaruhusiwi kulaza watoto wa umri huo, hawatataka hilo lifike kwa afisa elimu. Baba K naye mwonyeshe karatasi ya daktari, asisikie kwa simu tu.

Ticha Buswelu
Siku ya kurudia omba afanye asubuhi, na sauti ijaribiwe kabla hajaanza. Kama hedifoni bado inamuuma, kuna mpangilio wa kumpima peke yake chumbani akitumia spika. Huo mtihani hauna kikomo cha dakika, mwambie hivyo kabisa. Na jioni msomee hadithi ya Kiswahili dakika kumi, ukae upande wake wa kulia.

Kamanga Feri
Mama K, pole kwa sikio la mtoto. Ticha, samahani niko nje ya mada: wangu yupo darasa la kwanza, hesabu Januari kapata 176. Hiyo ni nzuri au mbaya?

Ticha Buswelu
Septemba alipata ngapi?